Nani Ashike Jedwali la Vifo: Serikali au Kampuni za Bima?

Jedwali la vifo huonyesha, kwa kila umri, ni watu wangapi kati ya 1,000 wanaotarajiwa kufa kabla ya mwaka kwisha, na juu yake ndipo husimama hesabu zote za bima ya maisha. Mgogoro wa muda mrefu ni kama serikali iwekee kampuni zote jedwali moja la kukokotolea akiba, yaani fedha ambazo kampuni hutenga kulipia madai ya baadaye, au iiachie kila kampuni itumie uzoefu wake, yaani kumbukumbu za vifo vya wateja wake.

Wanaotetea mkono wa serikali wana hoja nzito. Mkataba wa bima ya maisha huweza kudumu miaka 40, na mnunuzi hana njia ya kukagua kama fedha za kumlipa mjane wake zitakuwapo. Kampuni inayokadiria vifo vichache kuliko vilivyo huuza kwa bei nafuu na kuvuta wateja, huku upungufu ukijitokeza wakati waliofanya uamuzi huo wamekwisha kustaafu. Ndiyo maana jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kwa msukumo wa mwanahisabati Elizur Wright, lilitunga mwaka 1858 sheria ya kuzitaka kampuni kuweka akiba.

Hata hivyo, serikali nayo hukosea, na kosa lake huenea kote. Jedwali la Northampton, mji wa Uingereza, lililoandaliwa na mhubiri na mwanahisabati Richard Price kwa kumbukumbu za ubatizo na mazishi, lilionyesha vifo vingi kupita kiasi, kwa kuwa wakazi wengi hawakubatiza watoto wao wachanga katika kanisa la parokia, na hivyo waliozaliwa wakahesabiwa wachache kuliko walivyokuwa. Kampuni ya Equitable ya London ililitumia kuuza bima ya maisha ikapata faida kubwa. Serikali ya Uingereza ikalitumia tangu 1808 kuuza malipo ya kila mwaka kwa watu hadi wafe. Wanunuzi wakaishi kuliko ilivyokadiriwa, hazina ikapata hasara, na mpango ukasimamishwa mwaka 1828. Kosa ni lilelile, lakini lilimnufaisha mmoja na kumuumiza mwingine. Kwa hiyo hakuna jedwali moja linaloweza kuitwa la tahadhari kwa kila aina ya mkataba.

Tatizo jingine ni kuchakaa. Jedwali la Marekani la 1980 lilitokana na vifo vya miaka ya 1970 hadi 1975, lakini liliendelea kuruhusiwa kwa mikataba mipya hadi mwisho wa 2008, ingawa vifo vilikuwa vimepungua. Akiba inayodaiwa kupita haja hufunga mtaji, na gharama yake humwangukia mteja. Kampuni kadhaa zilihamishia mzigo huo kwenye kampuni tanzu zao, mahali ambapo mdhibiti hakuona vizuri. Tangu 2020, kanuni za huko huzitaka kampuni kuzingatia uzoefu wao wenyewe, ndani ya mipaka iliyowekwa na mdhibiti.

Naona mwelekeo huo ni sahihi, ila haujitoshelezi. Kampuni ndogo hushuhudia vifo vichache mno kwa mwaka, kiasi kwamba bahati tu yaweza kuonekana kama ujuzi, na kampuni kubwa haina sababu ya kumgawia mshindani takwimu zake. Hapo hakuna soko litakaloziba pengo. Kuliko kuchapisha jedwali na kulilinda kwa miongo, serikali itumie nguvu zake kuilazimisha kila kampuni iwasilishe kumbukumbu za vifo kwa umri, jinsia na aina ya mkataba, kisha jedwali la pamoja lipitiwe upya katika tarehe iliyotajwa ndani ya sheria yenyewe.