Mraibu mwenye ugonjwa wa akili atibiwe yote kwa pamoja

Mwandishi wa makala ninayoijibu anashauri kwamba mraibu wa heroini aachishwe kwanza dawa za kulevya, ndipo atibiwe sonona au ugonjwa mwingine wa akili. Siafikiani naye. Tangu kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, ilipoanza katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, wagonjwa wengi wa tiba hiyo hufika kila siku na kunywa kipimo chao dirishani mbele ya mhudumu, na mtu anayeonwa mara kwa mara namna hiyo ni rahisi kufuatiliwa hata kwa ugonjwa wa pili, mradi daktari wa akili awepo hapo hapo. Binamu yangu aliandikiwa kabamazepini, dawa ya kifafa inayotumika pia kwa magonjwa ya akili, katika hospitali nyingine pasipo mtu kumuuliza kama anatumia methadoni, ilhali dawa hiyo huifanya methadoni iishe mwilini upesi. Haikupita muda arosto, yaani mateso ya kukosa dawa mwilini, ikamrudia, kwa jasho, kamasi na maumivu ya mifupa, nasi nyumbani tukamshuku kuwa amerudi maskani kutumia heroini (wapo wanaorudi kweli kwa sababu hiyo, wala siwalaumu). Ningependa mwandishi awaulize wahusika kwa nini mgonjwa mmoja anafunguliwa mafaili mawili yasiyosomwa pamoja.