Aplikesheni ya mteja iandikishwe kwa jina la nani?

Tanga ya sasa ina vijana wanaojua kuunda aplikesheni za simu, na ina wafanyabiashara wanaozitaka. Mwenye mabasi yanayotoka stendi ya Kange anataka abiria wakate tiketi kwa simu. Chama cha akiba na mikopo kule Ngamiani kinataka wanachama waone salio bila kupanga foleni. Mnunuzi wa machungwa wa Muheza anataka wakulima wapate bei ya siku. Watu wanapatana, malipo ya awali yanatoka, kijana anafungua kompyuta na kuanzisha mradi mpya. Mapema kabisa anaulizwa aplikesheni hii itambulike kwa jina gani. Anaandika linalomjia kichwani, mara nyingi jina lake mwenyewe au la kampuni yake changa, anabofya kitufe na kuendelea.

Mstari huo mmoja ndio chanzo cha ubishi ambao umekuwa ukirudi kila madevelopa wa hapa wanapokutana. Wapo wanaosema aplikesheni ikae kwenye akaunti ya aliyeiunda na kwa jina lake, walau mpaka mteja amalize kulipa. Wapo wanaosema kila kitu kiwe cha mteja tangu siku ya kwanza. Mimi niko na hawa wa pili. Lakini wale wa kwanza wana hoja nzito, na anayezipita juu juu hajawahi kudai salio la mwisho la kazi aliyokwisha kuikabidhi.

Tuanze kwa kutenganisha vitu, maana ubishi mwingi unatokana na kuvichanganya. Jina linaloonekana chini ya ikoni si utambulisho wa aplikesheni. Hilo unaweza kulibadilisha leo na kesho ukalirudisha. Utambulisho wenyewe ni jina la pakeji: maneno yaliyotenganishwa kwa nukta, ambayo kwa desturi ni anwani ya tovuti iliyogeuzwa kinyume. Tuseme kampuni ya mabasi ina tovuti ya mabasiyetu.co.tz, jina la pakeji litakuwa tz.co.mabasiyetu.tiketi. Kwenye mradi wa Android linaandikwa mbele ya neno applicationId katika faili la Gradle, programu inayojenga aplikesheni kutoka kwenye msimbo. Apple nao wana la kwao linalofanya kazi ileile.

Aplikesheni ikishachapishwa Play Store, jina hilo halibadiliki tena. Ukigusa herufi moja tu, Google inaihesabu kuwa aplikesheni nyingine kabisa. Waliokwisha kuipakua hawapati toleo jipya. Nyota na maoni ya wateja yanabaki kwenye ile ya zamani. Taarifa zilizohifadhiwa ndani ya simu hazivuki kwenda kwenye mpya. Mwenye biashara analazimika kuanza upya kuwaomba watu waipakue, na kila aliyewahi kuhamisha wateja kutoka namba moja ya simu kwenda nyingine anajua wangapi hupotea njiani.

Jambo la pili ni ufunguo wa kusaini, yaani sahihi ya siri ya kidijitali inayothibitisha kwamba aplikesheni imetoka kwa mwenyewe. Android haikubali sasisho lolote ambalo halikusainiwa kwa ufunguo uleule wa toleo lililomo kwenye simu. Zamani, ufunguo ukipotea pamoja na kompyuta iliyoibwa, habari ya aplikesheni hiyo ilikuwa imeisha. Siku hizi kuna nafuu: tangu Agosti 2021 aplikesheni mpya za Play Store lazima ziingie kwa muundo wa Android App Bundle, na Google ndiyo inayotunza ufunguo mkuu. Developa anabaki na ufunguo wa kupakia, ambao ukipotea mwenye akaunti anaweza kuomba mwingine. Lakini nafuu hiyo haimfikii anayesambaza faili la APK, lile la kuweka aplikesheni kwenye simu ya Android, kwa WhatsApp, na Tanga hao ni wengi. Tena kuna mtego hapo. Ukiwapa watu APK uliyoisaini kwa ufunguo wako, kisha ukaipeleka Play Store ambako Google imetengeneza ufunguo mwingine, sasisho la Play Store litakataliwa na simu za wale wa mwanzo. Itabidi waiondoe aplikesheni ya kwanza ndipo waweke ya pili.

La tatu ni akaunti ya kuchapishia. Hapa ndipo madevelopa wa upande wa kwanza wanapoanza kusema, na wana haki ya kusikilizwa.

Google inatoza dola 25 mara moja tu, lakini Apple inatoza dola 99 kila mwaka. Kwa mfanyabiashara mdogo hizo za Apple si pesa za kutoa kwa kitu ambacho hajakiona kikiingiza chochote. Akaunti ya taasisi inadai namba ya D-U-N-S, namba ya kimataifa ya kuitambulisha biashara, ambayo wengi hawajawahi hata kuisikia. Akaunti binafsi mpya ya Google, yaani iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023, lazima kwanza iwe na watu 12 walioijaribu aplikesheni kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20. Developa ambaye akaunti yake ni ya zamani anaruka vikwazo vyote hivi. Anachapisha wiki hiihii na mteja anafurahi. Ukimwambia mteja huyohuyo alete kadi ya benki, kitambulisho na barua pepe ya ofisi, atakujibu, "Bwana mdogo, wewe si ndiye fundi? Malizana nayo huko huko."

Kuna pia suala la mteja asiyeweza kutunza anachokabidhiwa. Chama kinafungua akaunti kwa barua pepe ya katibu. Mkutano mkuu unachagua katibu mwingine, na yule wa zamani anaondoka na pasiwedi kichwani na laini ya simu mfukoni. Barua pepe ikikaa miaka miwili bila kutumika, Google ina sera ya kuifuta. Developa angalau yupo mtandaoni kila siku.

Kisha kuna pesa. Hii ndiyo hoja yenyewe, hata pale inapovikwa mavazi mengine. Kijana anayefanya kazi bila mkataba wa maana hana kitu kingine cha kushikilia. Mteja akishapata akaunti na ufunguo, salio linageuka kuwa "njoo Ijumaa". Sitamlaumu mtu aliyekula hasara mara mbili kwa kutaka kubaki na kitu mkononi safari ya tatu.

Ninachopinga ni kitu alichochagua kukishikilia. Fundi aliyejenga nyumba na hajamaliziwa pesa zake anaweza kusimamisha kazi kwenye lenta, anaweza kubaki na funguo za milango, lakini haendi kuandikisha kiwanja kwa jina lake. Jina la pakeji ni kiwanja. Mteja akikulipa senti ya mwisho mwezi ujao, akaunti unaweza kumhamishia. Google na Apple zote zina utaratibu wa kuhamisha aplikesheni kutoka akaunti moja kwenda nyingine pamoja na watumiaji wake na maoni yake. Ufunguo wa kupakia unabadilishwa. Jina la pakeji haliguswi hata aplikesheni ihamishwe mara ngapi. Kwa hiyo developa anayejiwekea dhamana kwa kuandika jina lake mahali pale anajipa kitu ambacho hataweza kumrudishia mwenyewe hata akitaka. Dhamana isiyorudishika si dhamana.

Na akaunti moja yenye aplikesheni za wateja kumi ni hatari kwa wote kumi. Sera za Google zinaruhusu kuifunga akaunti nzima kwa makosa makubwa au yanayojirudia. Mteja mmoja mwenye mambo ya mikopo ya mitandaoni akivunja sera, tiketi za basi, salio la chama na bei ya machungwa vyote vinaondoka dukani, bila wenyewe kujua wamekosa nini. Apple wao wamekwenda mbali zaidi: aplikesheni inayotokana na kiolezo cha kuuziwa watu wengi wanaikataa isipopelekwa na mwenye maudhui yake mwenyewe.

Lipo na la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamwajibisha mkusanyaji wa taarifa. Chama kinachochukua majina, namba za simu na akiba za wanachama ndicho kitakachoulizwa kwanza na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kabla ya kijana aliyeandika msimbo. Kama taarifa hizo ziko kwenye mradi wa Firebase, huduma ya Google ya kuhifadhi taarifa za aplikesheni na kutuma arifa, uliofunguliwa kwa Gmail binafsi ya developa, mwenyekiti atajibu nini?

Hilo la Firebase linahitaji kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiko usanidi wa mradi unakogeuka kuwa jambo la haki za watu. Kijana amepata kazi ya pili inayofanana na ya kwanza. Kwa kuokoa muda ananakili folda nzima ya mradi wa mteja wa kwanza. Anabadilisha ikoni, rangi na jina la pakeji. Anapojenga, kompyuta inagoma: faili la google-services.json, linaloiunganisha aplikesheni na Firebase, halina jina hilo jipya. Ujumbe huo wa kosa ni msaada mkubwa. Unamwambia kwamba bado ameshikilia vitambulisho vya mtu mwingine. Lakini saa nne usiku, na mteja ameahidiwa kesho, anatafuta njia ya mkato. Anaingia kwenye mradi uleule wa Firebase wa mteja wa kwanza, anaongeza aplikesheni ya pili humo humo, anapakua faili jipya, na kosa linatoweka. Kuanzia hapo wateja wa biashara mbili zisizojuana wako kwenye orodha moja ya watumiaji. Arifa iliyokusudiwa wateja wa duka moja inaweza kutumwa kwa wa duka jingine kwa kukosea kuchagua kisanduku.

Dawa ya hili ni ya kiufundi na si ngumu. Utambulisho wote ukae mahali pamoja, mbali na msimbo: jina la pakeji, jina la kuonekana, ikoni, anwani ya seva, mradi wa Firebase. Gradle ina utaratibu wake wa kutengeneza matoleo kadhaa kutoka mradi mmoja, Flutter, zana nyingine ya kuundia aplikesheni, inautumia huo huo kwa upande wa Android, na Expo, nayo zana ya aina hiyo, inakusanya karibu yote kwenye faili la app.json. Toleo la majaribio nalo lipewe mkia wake, kwa mfano .jaribio mwishoni mwa jina la pakeji, ili likae kwenye simu moja na toleo halisi bila kugombana. Mkia huo ukikosekana, utamkuta developa anajaribu miamala ya uongo kwenye seva yenye pesa za kweli za wanachama.

Wapo wanaopinga hata hili, na hoja yao ni kwamba mafaili ya usanidi yakizidi yanaficha kinachoendelea. Developa mchanga anabadilisha mstari kwenye app.json, hajui kwamba folda ya Android aliyokwisha kuizalisha na kuihariri kwa mkono ina thamani ya zamani, na anashinda siku nzima akitafuta mchawi. Ni kweli. Ukichagua faili moja kuwa chanzo, uache kabisa kuhariri kule kwingine. Kuchanganya njia zote mbili ni kubaya kuliko yoyote kati yake. Na nywila za seva zisiwekwe humo kabisa, kwa sababu APK inafunguliwa na yeyote kama faili lililobanwa na kila kilichomo kinasomeka.

Faida kubwa ya kutenganisha hivi ni kwamba inampa developa kitu halali cha kushikilia. Mtambo, yaani msimbo wake anaoutumia kwa wateja wengi, ni wake. Utambulisho ni wa mteja. Akaunti ifunguliwe kwa jina la biashara na kwa barua pepe ya biashara isiyo ya mtu mmoja. Developa aongezwe humo kama mtumiaji mwenye ruhusa ya kupakia na kutoa matoleo. Malipo yafuate hatua, na toleo la mwisho lisitolewe mpaka hatua ya mwisho ilipwe. Mkataba wa kurasa mbili uandike pia nani atalipwa kila mwaka kwa matengenezo, kwa sababu Google hupandisha kiwango kila mwaka: kwa mfano, kuanzia 31 Agosti 2025 aplikesheni mpya na masasisho yalitakiwa kulenga Android 15 au zaidi. Asiyelipia hilo asishangae aplikesheni yake ikiacha kuonekana kwa wenye simu mpya.

Wanaosambaza kwa WhatsApp pia muda wao unakuja. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba aplikesheni za kuwekwa kwenye simu za Android zilizoidhinishwa, hata zisizotoka Play Store, zitatakiwa ziwe za mtu aliyethibitishwa na aliyesajili majina ya pakeji zake. Utaratibu ulipangwa kuanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuenea kwingine kuanzia 2027. Atakayesajili jina ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenyewe.

Kwa aplikesheni ambazo tayari ziko hewani kwa jina la developa, nashauri zihamishwe akaunti na jina la pakeji liachwe lilivyo. Halionekani na watumiaji wengi, na kulibadilisha kuna hasara kubwa kuliko aibu ya kuliacha. Na kwa mteja mdogo sana, mwenye genge la samaki au saluni ya mtaani, ambaye kweli hawezi kumudu akaunti, developa amchapishie kwenye yake. Ila kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo amnunulie anwani ya .co.tz kwa jina la biashara hiyo, jina la pakeji litokane na anwani hiyo, na Firebase ifunguliwe peke yake. Akikua atakuja kuichukua aplikesheni yake, na kila kitu kitakuwa kinahamishika.