Kioo kikivutika, tafuta sababu kabla ya kufuta Linux

Kuna jibu lililozoeleka mno kwa mafundi kompyuta wa hapa Tanga, nami silikubali. Mteja kawekewa Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, anarudi analalamika kwamba herufi zimenenepa, picha zimetanuka na vitufe vya chini havionekani. Anaambiwa, "Ndivyo Linux ilivyo, ukitaka nikupigie Windows." Basi inafutwa, inapigwa Windows iliyochakachuliwa, na kuanzia hapo mtaa mzima unajua kwamba Linux haifai. Wakati tatizo, mara nyingi sana, lilikuwa kwenye waya, au kwenye neno moja lililobaki ndani ya faili moja, au kwenye draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, ambayo haijawekwa. Yote hayo yana dawa, na hakuna hata moja linalohitaji kufuta kitu.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa angalia mashine tulizonazo kwenye steshenari, kwenye ofisi ndogo na majumbani, kuanzia Ngamiani mpaka Chumbageni. Ni mtumba, Core i3 na i5 za kizazi cha 3 na cha 4, na bado ni nzima. Ukiziwekea SSD na kuongeza RAM, Linux Mint 22, mojawapo ya matoleo ya Linux, inakwenda vizuri kabisa juu yake, na itapata masasisho hadi mwaka 2029. Kwa mtu anayechapa barua, kutoa kopi na kujaza fomu za watu mtandaoni, hiyo ni miaka ya kazi bila kununua mashine nyingine. Lakini mwenye duka hatazami kerneli, kile kiini cha mfumo. Anatazama kioo. Kioo kikiwa kibaya siku ya kwanza, hayo mengine yote hayasikilizi tena.

Mama mmoja mwenye steshenari maeneo ya Chuda alinionyesha picha za pasipoti alizotoa siku hiyo. Watu wote walikuwa na nyuso nyembamba, hata wale ambao mtaani tunawajua kwa mashavu yao. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, kwenye kompyuta wako sawa, printa ndiyo inawakondesha." Printa haikuwa na neno. Monita yake ilikuwa na rezolusheni, yaani idadi ya nukta za upana kwa urefu, ya 1920 × 1080, lakini kompyuta ilikuwa inatoa 1024 × 768, yaani picha ya uwiano wa 4 kwa 3 inavutwa kujaza kioo cha 16 kwa 9. Kila kitu kinaonekana kipana kwa theluthi moja zaidi ya kilivyo. Mama wa watu alikuwa anabana nyuso kwa macho mpaka zionekane za kawaida kwenye kioo, na karatasi inatoka na ukweli wake. Wateja wakarudisha picha, pesa ikarudi. Ndiyo maana nasema rezolusheni si suala la urembo.

Na yeye alikuwa ameshaambiwa arudi Windows. Tulichofanya ni kubadilisha waya.

Hapa inafaa kueleza kinachotokea, kwa sababu fundi akikielewa hatabahatisha tena. Kila monita ina kumbukumbu ndogo ndani yake inayohifadhi maelezo yake: nani kaitengeneza, ina upana gani, inakubali rezolusheni zipi. Maelezo hayo yanaitwa EDID, ni utaratibu uliowekwa na VESA, chama cha viwango vya vifaa vya picha, mwaka 1994, na sehemu yake ya msingi ina baiti 128 tu. Kompyuta ikiwaka, kadi ya picha inauliza na monita inajibu. Ikijibiwa, Linux inachagua yenyewe rezolusheni sahihi na wewe hugusi chochote. Isipojibiwa, haiwezi kukisia, kwa sababu kutuma kipimo kisichofaa kunaweza kukuacha na kioo cheusi. Inachukua njia ya salama: 1024 × 768, au 800 × 600, au hata 640 × 480.

Kwenye waya wa VGA, ule wa zamani wenye kichwa cha pini, mazungumzo hayo yanapita kwenye pini mbili, ya 12 na ya 15, zote katika mstari wa tatu. Rangi zina pini zake nyingine. Kwa hiyo waya unaweza kuleta picha safi, rangi zote zipo, huku maelezo ya monita hayapiti kabisa. Fundi anaona picha, anaamua waya ni mzima, anaanza kuilaumu Linux. Chomoa waya, mulika kichwa chake kwa tochi ya simu, tazama ule mstari wa tatu. Pini iliyolala, iliyokatika, au yenye ukungu wa kijani ndiyo ya kushukiwa, na sisi tunaoishi na hewa ya chumvi tunaijua kutu ya namna hiyo. Pini ya 9 ikikosekana usihangaike, nyaya nyingi hutengenezwa bila hiyo. Adapta za bei rahisi za kutoa HDMI kwenda VGA nazo ni za kuziwekea mashaka, baadhi yake hazipitishi maelezo ya monita sawasawa.

Kuna njia ya kuhakikisha bila kukisia. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

cat /sys/class/drm/card*-VGA-1/edid | wc -c

Ikirudisha 0 bila ujumbe wa kosa, monita haijasikika, anza na waya. Ikisema No such file, jina la tundu silo au draiva haijawaka, nenda kwenye nomodeset hapa chini. Ikirudisha 128 au 256, waya na monita viko sawa, shida iko ndani ya mfumo. Kama umechomeka HDMI, badilisha jina hilo la VGA-1 liwe HDMI-A-1. Mstari mmoja huo unakuokoa na saa nzima ya kuzunguka, na nashangaa jinsi mafundi wachache wanavyoutumia.

Sasa tuseme waya ni mzima. Cha pili cha kutazama ni neno nomodeset. Wakati wa kusakinisha, baadhi ya kompyuta huleta kioo cheusi, hasa zenye kadi za NVIDIA. Fundi anachagua kuwasha kwa hali ya tahadhari, ile menyu ya flashi ya Mint inayoitwa compatibility mode, au anaandika nomodeset mwenyewe. Neno hilo linaiambia kerneli isitumie draiva halisi ya kadi ya picha. Kwa kuvuka hatua ya usakinishaji ni sawa kabisa, silipingi. Tatizo ni kuliacha likae. Mashine inakabidhiwa ikiwa bado kwenye hali ya tahadhari: rezolusheni imeganda, mwanga wa laptopu haupungui wala hauongezeki, video zinakatakata na feni inapiga kelele muda wote. Feni inapiga kelele kwa sababu prosesa ndiyo inayochora kila kitu badala ya kadi. Andika inxi -G, ukiona neno llvmpipe ujue ndiyo hali hiyo. Halafu andika cat /proc/cmdline uone kama nomodeset imo. Ikiwemo, fungua /etc/default/grub, faili ya mpangilio wa GRUB inayowasha mfumo, kwa sudo (ruhusa ya msimamizi), futa neno hilo, hifadhi, andika sudo update-grub, washa upya. Kwa kadi za Intel za hizi mashine zetu kazi imeishia hapo, draiva yao imo ndani ya kerneli tayari.

Kwa NVIDIA kuna hatua moja zaidi, nayo ndiyo inayowakwaza watu. Programu ya Driver Manager ya Mint itakupendekezea draiva inayofaa, chagua hiyo hiyo iliyopendekezwa. Kama Secure Boot, ulinzi unaokagua programu wakati wa kuwaka, imewashwa kwenye BIOS, utaombwa uweke nenosiri, na kompyuta ikiwaka upya italeta kioo cha bluu chenye maandishi. Wengi wanakiogopa, wanabonyeza kuendelea. Matokeo yake draiva inakataliwa na unarudi kwenye 1024 × 768 ukidhani hukufanya kitu. Pale chagua Enroll MOK, weka lile nenosiri, endelea. Kadi ikiwa kongwe kiasi kwamba draiva ya kampuni haiungi mkono kerneli mpya, baki na nouveau, draiva huria inayokuja na Linux, kwa barua na intaneti inatosha.

Nimeiacha xrandr, amri ya kubadilisha rezolusheni kwa mkono, mpaka hapa kwa makusudi. Ukitafuta tatizo hili mtandaoni, xrandr ndiyo ya kwanza kuletewa: piga cvt, amri inayokokotoa vipimo, nakili mstari mrefu wa namba, bandika, umemaliza. Mimi naiona ni dawa ya mwisho. Kwanza, ukitoka na kuingia tena, mpangilio unapotea, na mteja wa Makorora hawezi kukupigia simu kila asubuhi. Pili, kwenye Ubuntu (toleo jingine la Linux) za karibuni zinazotumia Wayland, mfumo mpya wa kuchora kioo, kuongeza rezolusheni kwa xrandr hakufanyi kazi kabisa. Tatu, vioo vingi vya laptopu zetu ni 1366 × 768, na ukiandika cvt 1366 768 inakurudishia 1368, kwa kuwa hesabu yake inataka upana unaogawanyika kwa 8. Unabaki na pikseli mbili za ziada na maandishi yenye ukungu kidogo ambayo hutajua yametoka wapi. Nne, na hili ndilo kubwa, inaficha ugonjwa: waya mbovu unaendelea kuwa mbovu.

Iko siku lakini utahitaji kulazimisha rezolusheni. Monita ambayo kumbukumbu yake ya EDID imekufa haiponi kwa kubadilisha waya, na mwenye nayo hana pesa ya nyingine. Hapo iandikie kerneli yenyewe: ndani ya /etc/default/grub, kwenye ule mstari wa kukaa nomodeset, ongeza video=VGA-1:1920x1080@60, kisha update-grub. Inakaa hata ukizima, na inafanya kazi kwenye X11, ule mfumo wa zamani wa kuchora kioo, na kwenye Wayland.

Wanaotumia televisheni kama monita wana shida yao nyingine: kingo zimekatwa, saa na menyu haviko kwenye kioo. Usiguse Linux. Chukua rimoti, ingia kwenye ukubwa wa picha, chagua Just Scan au Screen Fit, jina linategemea televisheni.

Na kwa anayesakinisha mwenyewe nyumbani akakwama kwa sababu kitufe cha kuendelea kimezama chini ya kioo cha 800 × 600: shikilia Alt, shika dirisha popote kwa kitufe cha kushoto cha mausi, livute juu. Kwenye Ubuntu tumia kitufe chenye alama ya Windows badala ya Alt. Najua watu walioacha usakinishaji katikati kwa kukosa hilo tu.

Mafundi wenzangu, kuangalia waya, cmdline na draiva ni sehemu ya kazi ya kusakinisha, si msaada wa ziada. Bei ya kazi iwe na hayo ndani. Na wewe mteja, kabla hujatoa salio, fungua mipangilio ya kioo usome rezolusheni iliyowekwa, uilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye boksi au stika ya monita. Kama haipo popote, fungua LibreOffice Draw, shikilia Shift uchore duara. Likitoka yai, bakiza salio mfukoni mpaka fundi akuonyeshe sababu.