Breki Kwanza, Nguvu za Injini Baadaye

Wengi wanaoamua kulihudumia gari la michezo kwa mikono yao wenyewe huanzia mahali pasipofaa. Hununua filta ya hewa ya wazi, bomba la moshi lenye mlio mkubwa na springi fupi, huku mafuta ya breki yakiwa yamekaa miaka ambayo hakuna anayeikumbuka na bushi, yaani mipira ya viungo, za mikono ya chini inayoyashika magurudumu zikiwa zimepasuka. Naona mpangilio huo ni wa kichwa chini miguu juu. Gari lililorudishwa katika hali yake ya asili hukata kona na kusimama vizuri kuliko gari lililopachikwa vifaa vipya juu ya msingi uliochoka, na aliyelirudisha mwenyewe anakuwa amekwisha kujifunza sehemu kubwa ya yale atakayoyahitaji siku atakapotaka kulibadilisha.

Mafuta ya breki ndiyo mfano wangu wa kwanza, kwa kuwa ni rahisi kuyasahau na hatari yake ni kubwa. Mafuta ya kawaida, yaani yale ya madaraja ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, hunyonya unyevu wa hewa. Kwa mujibu wa viwango, DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini hushuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu, au baada ya mizunguko michache ya kasi uwanjani, joto la pedi na diski hupenya hadi ndani ya kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, mafuta yaliyozeeka yakachemka na kutoa mvuke. Mvuke hubonyea ilhali mafuta hayabonyei, kwa hiyo pedali huzama na gari haliitiki.

Kuyabadilisha ni kazi ya watu wawili wenye subira. Mmoja hukanyaga pedali, mwingine hulegeza skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa, ambayo imevishwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani na ambao ncha yake imezamishwa katika chupa yenye mafuta safi kidogo. Skrubu hufungwa kabla pedali haijaachiwa, la sivyo hewa hunyonywa kurudi ndani. Mwanzoni hutoka mafuta ya kahawia, yamechanganyika na viputo. Polepole rangi hupauka, viputo hukoma, na pedali huwa ngumu chini ya mguu. Tangi dogo la juu lisiachwe likauke hata mara moja, na tone lolote likigusa rangi ya bodi lioshwe kwa maji papo hapo, kwani huibabua.

Ninasisitiza breki kwa sababu ya hesabu moja isiyobishika: mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inayopaswa kugeuzwa kuwa joto wakati wa kusimama huongezeka mara nne. Anayeongeza nguvu za injini bila kugusa breki ameiongezea mzigo sehemu ambayo hata hajaikagua.

Chini ya gari kuna jambo lingine ambalo hata mafundi wenye uzoefu hulipuuza. Bolti za mikono yenye bushi za mpira hazikazwi kwa mwisho magurudumu yakiwa yananing'inia. Bushi hizo hufanya kazi kwa kujisokota, na zikikazwa wakati mkono umeshuka, gari likirudi chini hubaki zimesokoteka muda wote, zikapasuka mapema. Uzito wa gari uwe umelala kwenye magurudumu kwanza, ndipo bolti zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji. Na mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Stendi imara haina mbadala.

Kuhusu kulishusha gari kwa springi fupi, msimamo wangu ni mkali kidogo. Kwenye magari mengi yanayotumia mfumo wa MacPherson, ambamo shokapu na springi huwa nguzo moja inayoshika gurudumu, ukilishusha mno mikono ya chini huinuka kuelekea nje, na kituo ambacho bodi hulalia kwenye kona hushuka zaidi ya kituo cha uzito kilivyoshuka. Matokeo yake gari lililo chini zaidi linaweza kutaka kulala zaidi, na springi ngumu zinafanya kazi ya kuficha kasoro iliyotengenezwa na mwenye gari mwenyewe. Shokapu nzuri, matairi mazuri na alaimenti iliyopimwa kwa mashine huleta tofauti kubwa zaidi.

Filta ya wazi nayo, ikiwekwa bila kizuizi cha joto, huvuta hewa moto ya karibu na injini, na hewa moto ina oksijeni kidogo kuliko hewa baridi ya ujazo uleule. Mlio unaongezeka, nguvu pengine zinapungua.

Kwa anayetaka gari la kujifunzia, ningependekeza Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyoonyeshwa Chicago mwaka 1989. Ina uzito wa takriban tani moja, injini mbele na nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, na haina mitambo mingi ya elektroniki. Hadi mwaka 2016 zilikuwa zimetengenezwa MX-5 milioni moja za vizazi vyote, kwa hiyo karibu kila kazi imekwisha kufanywa na kuelezwa na mtu mwingine.

Kazi chache ningemwachia mtaalamu bila kuona haya: mifuko ya hewa ya usalama, uchomeleaji wa sehemu zinazobeba uzito, na kuandika upya programu ya injini yenye taabo, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ambapo shinikizo lililozidi kidogo huweza kutoboa pistoni. Na kila kifaa cha asili kinachotolewa kifungwe, kiandikwe jina na kutunzwa pamoja na bolti zake, ili badiliko likionekana halifai liweze kuondolewa.