Kimya Hiki Kina Wenyewe

Kati ya Horta de Sant Joan na Valderrobres, vijiji viwili vya kaskazini-mashariki mwa Hispania, asubuhi ya Jumanne moja mwishoni mwa Februari, nilihesabu magari manne. Moja lilikuwa trekta, na dereva wake alinipungia mkono kana kwamba tulilala nyumba moja. Milozi ilikuwa imechanua pande zote mbili za barabara, mingine myeupe, mingine ya waridi. Mto Algars ulikuwa chini bondeni, pale Katalonia inapoishia na Aragón inapoanza. Mpaka wenyewe niliuvuka bila habari, nikaja kushtuka baadaye kwamba vibao vimebadilika.

Jioni nikatuma picha kwenye kundi letu la WhatsApp la waendesha baiskeli wa Barcelona. Majibu yakamiminika: hapo ni peponi, hakuna gari hata moja, usimwambie mtu. Nami nikajibu kwa vicheko. Siku hizi sifa hiyo ya "hakuna magari" inanikwama kooni, na nitasema kwa nini.

Mkoa wa Teruel, ulioanza pale baada ya mto, una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 14,800. Unauzidi kidogo mkoa wetu wa Kilimanjaro. Kwa sensa ya 2022, Kilimanjaro ina watu zaidi ya 1,800,000. Teruel nzima ina kama 135,000. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa takriban 250,000. Sasa mtu aniambie hiyo barabara tupu ni zawadi ya nani. Iko tupu kwa sababu wenyewe wameondoka. Wengi waliondoka miaka ya 1950 na 1960 kwenda kwenye viwanda vya Barcelona na Zaragoza, wengine hadi Ujerumani, na watoto wao hawakurudi. Wahispania wanaita hali hii Hispania iliyomwagwa, kama maji yanavyomwagwa kutoka kwenye ndoo. Machi 31, 2019 waliandamana Madrid kwa ajili hiyo, na mwaka huohuo kundi liitwalo Teruel Existe, yaani Teruel ipo, likapata kiti bungeni. Fikiria mkoa unaolazimika kujitangaza kwamba upo.

Simkatazi mtu kwenda. Nataka uende, na nitakupa njia yangu. Panda treni ya mkoa kutoka Barcelona, baiskeli inaingia, ushuke Móra la Nova kwenye bonde la Ebro. Hapo uko karibu na usawa wa bahari. Vuka daraja, elekea Gandesa, kisha Bot, kisha Horta, halafu uingie Aragón hadi Valderrobres na kijiji cha Beceite kilichoko kilomita kama saba mbele, chini ya milima ya Ports. Ulale huko, urudi kesho yake kupitia Pinell de Brai na Miravet. Hakuna mlima wa kutisha. Ni vilima vya kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka mapaja yanaanza kuuliza maswali. Adui mkubwa ni upepo wa kaskazini-magharibi, ule unaoshuka na bonde la Ebro. Ukikushika uso kwa uso ukielekea Gandesa, utashuka mpaka gia ya mwisho kwenye barabara tambarare, na hapo ndipo utaelewa kwa nini Terra Alta, wilaya ya Gandesa, imejaa mitambo ya umeme wa upepo kila kilima. Usiende Julai wala Agosti kama hujazoea jua la kukausha ulimi.

Kuhusu usalama sina malalamiko. Sheria ya Hispania inamtaka dereva akupite kwa nafasi ya angalau mita moja na nusu, na tangu Machi 2022, barabara ikiwa na njia mbili za upande mmoja, lazima ahamie njia nyingine kabisa. Wanafuata. Mimi nimekulia kando ya barabara ya Moshi kwenda Arusha, ambako basi likipiga honi unashuka kwenye changarawe bila mjadala. Mara ya kwanza lori la Kihispania lilipokaa nyuma yangu kilima kizima, likisubiri kona iishe, nilidhani limeharibika.

Wenzangu wengi hawaji huku. Wanakwenda Girona, wanapanda mlima wa Rocacorba, wanarekodi dakika na nguvu za pedali, wanashindana na watu wasiowajua kwenye simu. Sawa, kila ndege na mti wake. Lakini mlima wa kupima mapafu utaupata popote. Kinachonivuta mimi ni mabonde, kwa sababu ndiko watu walikofanya kazi, na alama zao bado ziko kando ya barabara kama hutaki kuzipita kwa kasi ya arobaini.

Beceite, kwa mfano. Leo watu wanakifahamu kwa korongo la Parrizal na madaraja yake ya mbao juu ya maji. Lakini mto huo wa Matarraña uliwahi kuendesha viwanda vya karatasi pale kijijini, na majengo yake bado yamesimama kando ya maji. Au chukua reli ya Val de Zafán. Ilianzia La Puebla de Híjar huko Teruel, ikaundwa ili ifike baharini Sant Carles de la Ràpita, ikaishia Tortosa na haikufika kamwe. Mwaka 1973 ikafungwa. Leo tuta lake ni njia ya baiskeli, na watu wanaisifu kwa mahandaki na madaraja yake juu ya mto Canaletes. Ni nzuri kweli, siwezi kusema uongo. Nimepita handaki moja lisilo na taa nikiimba kwa sauti ili nisiogope. Ila ukisimama kwenye stesheni iliyobaki kuta tupu, kumbuka kwamba mtoto wa Bot aliyetaka kwenda sokoni Tortosa alipanda treni hapo. Njia yetu ya kupunga upepo Jumapili ilikuwa usafiri wao.

Na karibu na Gandesa kuna Corbera d'Ebre. Kijiji cha zamani kiko juu kilimani, magofu matupu, kama kilivyoachwa na mapigano ya Ebro ya Julai hadi Novemba 1938, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Hawakukijenga upya, walihamia chini yake. Pale nilishuka kwenye baiskeli nikaisukuma kwa mkono. Sikuona kama ni mahali pa kupita nimekaa kwenye tandiko.

Tatizo langu na sisi waendesha baiskeli ni hili: tunakuja na kila kitu mfukoni. Jeli za sukari kutoka Barcelona, baa za njugu, tyubu, pampu. Tunajaza maji kwenye bomba la kijiji, tunapiga picha ya mlango wa buluu, tunaondoka. Vijiji vingi vya Teruel vimebakiwa na mlango mmoja tu wa biashara, wanauita multiservicio: baa, duka la mkate na sabuni, na wakati mwingine vyumba vya kulala, vyote chini ya paa moja, kwa sababu duka peke yake haliwezi kuishi. Mlango huo ukifungwa, kikongwe asiyeendesha gari hana pa kununulia mkate. Kwa hiyo kanuni yangu ni ya kizamani: kila kijiji chenye mlango wazi, nashuka. Kahawa, au kipande cha tortilla, ambayo Mtanzania yeyote ataitambua kuwa ni chipsi mayai iliyosoma. Wastani wa kasi unakufa kabisa. Ufe.

Sijidanganyi kwamba kahawa yangu itafungua shule. Kuna wanaosema utalii wa baiskeli utavifufua vijiji hivi, nami nina mashaka. Mgeni wa usiku mmoja haleti mtoto wa darasa la kwanza, na nyumba inayokarabatiwa ili ipangishwe wikendi inakuwa ghali kwa kijana wa pale anayetaka kuoa. Lakini kati ya kutosaidia na kupita kama kivuli kuna tofauti.

Mzee mmoja kwenye baa ya namna hiyo aliniuliza natoka wapi. Nikamweleza mlima, migomba, na mifongo, ile mifereji ya Wachaga inayoshusha maji kutoka msituni hadi mashambani kwa zamu. Akaniinua nikaone mfereji nyuma ya baa. Wao wanauita acequia, jina walilolirithi kwa Waarabu waliotawala bonde hili hadi karne ya 12. Nao wana zamu ya maji na ugomvi wa zamu ya maji. Tukacheza mchezo wa maneno: aceituna ni zeituni, azafrán ni zafarani, na alcalde, mkuu wa kijiji chao, ametoka kwa kadhi yuleyule wetu. Kisha akaniambia nirudi Agosti. Agosti, alisema, kijiji hujaa, watoto wa waliohama hurudi kwa sikukuu, huwezi hata kupata kiti hapa. Nikacheka peke yangu, maana alikuwa ananisimulia Moshi ya Desemba, magari yakifuatana kutoka Dar, vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vinawaka taa, halafu Januari wazee wanabaki na mbwa.

Nilirudi kweli Agosti, kwa jua lile lile nililokukataza. Kijiji kilijaa. Mzee hakuwa na kiti.

Siku ya pili ya safari huwa naishia Miravet, chini ya ngome iliyotekwa kutoka kwa Waislamu mwaka 1153 na kukabidhiwa mashujaa wa Hekalu, watawa wapiganaji wa Kikristo. Hapo kuna kivuko kisicho na injini. Kimefungwa kwenye waya uliovuka mto, na mkondo wa Ebro wenyewe ndio unaokisukuma. Nahodha anageuza usukani kidogo tu, mbao zinalia, maji yanafanya kazi iliyobaki. Mara ya mwisho nilikuwa abiria peke yangu na baiskeli moja. Nahodha alisubiri upande wa kijiji kwa dakika kadhaa, akitazama barabara nyuma yangu kama kuna mwingine anakuja, kisha akafungua kamba.