Fundi wa Kisogoni

Kuna watu wanasema mashine ya umeme ya kukunja nywele imeleta uhuru. Hakuna tena kukaa foleni kwa msusi. Mtu anabaki nyumbani kwake, anachomeka waya, anajitia mawimbi, anatoka. Wanaosema hivyo wote ni wenye vichwa. Sisi wenye mikono hatukuulizwa.

Maana hii mashine, jamani, mtu peke yake anaimudu nusu ya kichwa tu. Nywele za mbele anaziona kwenye kioo. Za pembeni anapinda shingo, anazifikia. Za kisogoni je? Hapo ndipo unaposikia, "Baba watoto, uko wapi?" Nami nimejifunika gazeti usoni, najifanya nimelala, huku najua kabisa sitafutwi kwa heri.

Kwanza umeme wenyewe. Kila aliyejenga nyumba duniani aliweka soketi ukuta huu na kioo ukuta ule, na waya wa mashine ya bei chee unaishia katikati. Basi inaletwa eksitensheni, ile ambayo tayari ina chaja za simu, na kila mwenye simu anataka aambiwe kwa nini ya kwake ndiyo ichomolewe. Kikao cha familia kinakaa kujadili tundu moja, na hapo hata unywele mmoja haujaguswa.

Halafu ile taa. Mashine za gharama zina kitufe cha kupandisha na kushusha moto, na namba unaziona. Yetu ina swichi moja na taa moja nyekundu. Ikiwaka, ujue umeme umefika. Kama chuma kimepata moto au bado, hiyo ni siri yake. Boksi limeandikwa nyuzi 210 kwa herufi za majivuno. 210 za nani? Nywele nyembamba zinatosheka na 150 hivi, na zile nzito ndizo za 180 mpaka 200. Hii yetu haijali. Yeyote atakayejipeleka anapewa 210 zake.

Zamani, enzi za vyuma vya kupashwa kwenye moto, wasusi walikuwa wanakibana chuma kwenye karatasi kwanza. Karatasi ikibadilika rangi, chuma kinawekwa pembeni kipoe kidogo. Nikaona ni busara, nikapendekeza. Karatasi iliyokuwa karibu ni ile ya maelekezo, ikaungua palepale palipoandikwa tahadhari. Tunajua mpaka ya tatu. Ya nne na kuendelea, tunamwachia Mungu.

Ndani ya boksi kuna glavu pia. Moja. Ya vidole vitatu. Mimi nawauliza waliokaa wakaishona: hivi vidole viwili vya mwisho ni vya nani? Na mkono wa pili je, ule unaopokea nywele, huo wa chuma?

Binti yetu anayesoma sayansi ndiye aliyeniongezea kazi. Akatufundisha, bila kuombwa, kwamba unywele ni protini iitwayo keratini, na umbo lake linashikiliwa na vifungo vingi vidogo vya haidrojeni. Moto unavilegeza, unywele unakubali kuzungushwa. Ukipoa, vinajifunga upya vikiwa vimefuata ule mkunjo. "Kwa hiyo baba," akamalizia, "ukiuachia ukiwa bado wa moto, unanyooka. Lazima ushikwe mpaka upoe."

Ushikwe na nani? Watu wote wakageuka kunitazama.

Basi mgawo wa kazi ukawa hivi: mbele anakunja mama, mimi napoza, nyuma nakunja mimi na kupoza mimi. Fungu la nywele linachomolewa kwenye chuma likiwa la moto, limejiviringa vizuri, linatua kwenye kiganja changu. Nalifumbata. Natulia. Hapohapo pua inaanza kuwasha. Siwezi kujikuna, maana mkono mmoja una wimbi la kushoto na mwingine una wimbi la kulia, na nikiachia nasikia, "Umeliharibu!" Kuna vibanio vya kazi hiyo, najua. Lakini vibanio huwa vinapotea, mimi sipotei.

Na maji nayo, kumbe, yanalegeza vifungo vilevile. Jasho, manyunyu, mvuke wa bafuni, vyote ni adui. Jasho langu, la mtu niliyesimama muda wote huo nimebeba moto, nalo linahesabiwa. Nimeshaambiwa nisipumulie kisogo. Siku ya mawingu tunatoka mlangoni na mawimbi, tunafika tuendako na nywele.

Maji yana ubaya mwingine. Kuna mara mwenye kichwa alitoka kuoga, ana haraka, akasema zimekauka. Zimekauka wapi? Nilipobana tu fungu la kwanza, chwiii! Moshi! Maji yanachemka kwa nyuzi 100, chuma kina 210. Yale yaliyojificha ndani ya unywele yanageuka mvuke ghafla, hayana mlango, yanatengeneza vipovu humohumo na unywele unakatika pale penye kipovu. Binti akaeleza tena yote hayo kwa utulivu, mimi nikiwa nimeshika chuma nasubiri hukumu.

Lakini kinachonimaliza kabisa ni pande. Mawimbi ya kisasa, naambiwa, yaangalie nje, yakimbie uso. "Zungusha kwa nje!" Nje ya wapi, mama? Mimi niko nyuma yako, wewe unaniangalia kwenye kioo, na humo kwenye kioo mbele kumegeuka nyuma. Nikizungusha kwenda nje yangu, ni ndani yako. Nikifuata kioo, nagonga sikio. Na sikio, ndugu zangu, halina glavu.

Likiguswa sikio, shughuli inasimama. Huyu anakimbilia dawa ya meno, yule anataka mafuta ya kupikia. Hapo namsifu binti, kwa sababu anawafukuza wote na vikopo vyao: ni maji ya bomba ya baridi tu, yatiririke juu ya palipoungua dakika 20. Dakika 20 kichwa kiko chini ya bomba! Mkijua maji yanafanya nini kwa mawimbi, mnajua tunarudi wapi.

Na waya nao. Mashine nzuri ina shingo inayozunguka, ukikigeuza chuma, waya unabaki umetulia. Wa kwetu umegandishwa. Kila mzungusho mmoja wa nywele ni mzungusho mmoja wa waya. Mwisho wa kazi ukiulizwa ni kitu gani kimejikunja vizuri humu ndani, kikabaki hivyohivyo na unyevu usikitishe, jibu ni waya. Ndiyo maana mashine hizi hufia shingoni: waya unavunjikia pale unapoingia kwenye mpini, mara inawaka, mara haiwaki, na mimi nachungulia nyuma ya kisogo, naombea izimike.

Nimejaribu kujitoa kwa njia ya historia. Nikamsimulia mama habari za Karl Nessler, yule Mjerumani aliyebuni mashine ya umeme ya kutia mawimbi ya kudumu, mwanzoni mwa karne ya 20. Kichwa alichokifanyia majaribio ni cha mkewe, Katharina, na mara za kwanza nywele za mama wa watu ziliungua. Nikasema unaona sasa, hii kazi waume tusipewe, tuna rekodi mbaya.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Na huyo mke alimfukuza?"

Nikasema hapana, waliendelea.

"Haya. Shika hapa."

Sasa tatizo jingine: nimejua. Mkono umezoea. Nachukua fungu jembamba, silirundiki. Naanzia mbali na ngozi ya kichwa. Nahesabu mpaka nane, naliteremsha bila kulivuta. Juzi shemeji yangu alipita, akamzunguka dada yake, akakitazama kisogo, akauliza kimetengenezwa na nani. Nilikuwa nanyata kuelekea mlangoni. Mama akanitaja kwa sauti, tena kwa maringo.

Shemeji anakuja Jumamosi. Nywele zake zinafika kiunoni, na amesema mbele pia nifanye mimi.