Jibu Moja Birmingham, Jibu Jingine Nakuru

Sisi tunaoishi Uingereza huulizwa mambo mengi na jamaa walioko nyumbani, na magari hayakosi. Swali linalonifikia mara nyingi kuliko mengine linahusu Subaru zenye turbo: je, mtu anunue ile iliyouzwa ikiwa mpya katika nchi anayoishi, au aagize ile iliyotengenezewa soko la Japani, yenye nguvu zaidi na vikorombwezo zaidi? Jibu langu huwaudhi watu wa pande zote mbili, kwa sababu Mkenya mwenzangu wa Birmingham ninamwambia anunue iliyouzwa hapa Uingereza, na mdogo wangu wa Nakuru ninamwambia aagize ya Japani bila kusita. Wapo wanaoniona kigeugeu. Mimi ninaona nimesema jambo lile lile mara mbili, yaani kwamba mtu achague gari ambalo mafundi, karatasi na bima za mahali anapoishi vimelizoea, na gari hilo kwa Birmingham silo hilo kwa Nakuru.

Tuanze na hapa Uingereza, ambako ubishi huu una historia ndefu. Subaru Impreza ya turbo iliyoanza kuuzwa hapa mwaka 1994 ilikuwa na nguvu za farasi takribani 210, ilhali WRX, yaani Impreza ya turbo ya Japani, ilikuwa na 240 tangu mwishoni mwa 1992. Kwa kuwa Japani nayo huendesha kushoto na usukani wao uko kulia, wafanyabiashara hawakuchelewa kuiona nafasi hiyo, wakaanza kuleta magari ya Japani kwa wingi na kuyauza nje ya mikono ya mawakala rasmi. Mwaka 2000 mawakala hao walijibu kwa kuleta P1, toleo la milango miwili lililoandaliwa na Prodrive, magari 1,000 tu, ili Mwingereza apate nguvu za Kijapani pamoja na dhamana ya nyumbani kwake. Wakenya wa rika langu hawahitaji kuelezwa Prodrive ni nani: ndiyo timu iliyomleta Colin McRae akashinda Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns akashinda mwaka 2000, katika magari ya buluu yenye ringi za dhahabu ambayo tulikuwa tukiyasubiri kando ya barabara mpaka vumbi likatugeuza rangi.

Tofauti kati ya magari hayo mawili haikuishia hapo. Kuanzia mwaka 2006, STI, yaani Impreza yenye nguvu kuliko zote, iliyouzwa Uingereza ilipewa injini ya lita 2.5, huku Wajapani wakibaki na ile ya lita 2.0 inayopenda kuzungushwa kwa kasi, na wakaing'ang'ania mpaka mwisho wa uzalishaji wake. Wapenzi wa Subaru wanaijua sifa ya ile ya 2.5: ina nguvu za chini zinazofaa sana mjini, lakini pistoni zake zina historia ya kupasuka, hasa kwa wale wanaoongeza presha ya turbo bila kufanya hesabu. Kwa injini peke yake, basi, ninakubali kwamba ya Japani inashinda, na sioni aibu kulisema hilo mbele ya Waingereza.

Hata hivyo, mimi mwenyewe ninaendesha iliyouzwa hapa, na sababu ya kwanza ni karatasi. Gari la hapa likitimiza miaka 3 lazima lipite ukaguzi wa MOT kila mwaka, na matokeo yake huwekwa wazi kwenye intaneti. Unachohitaji ni namba ya gari. Nilipokuwa nikitafuta langu nilikuwa nikisimama kando ya gari la mtu, nikiandika namba kwenye simu, na kabla muuzaji hajamaliza sifa zake ninasoma kwamba miaka miwili mfululizo mkaguzi aliandika kuwa kutu imeanza kula karibu na mikono ya nyuma ya chasisi, na kwamba tairi za mbele zilikuwa zimelika upande mmoja. Maili nazo zimeandikwa, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo aliyerudisha mita nyuma hana pa kujificha. Gari lililoagizwa kutoka Japani halina kumbukumbu hizo kwa maisha yake yote ya kabla ya kufika, na mnunuzi wa tatu au wa nne mara nyingi hubaki na neno la mtu tu.

Sababu ya pili ni bima. Kampuni nyingi hapa hazitaki kusikia habari za gari lililoagizwa, na zile zinazokubali hutoza zaidi, kisha hutaka kila kilichobadilishwa kitajwe, hata ekzosi. Kijana aliyeokoa fedha kwenye bei ya kununua anaweza kuzirudisha zote kwa kampuni ya bima. Kuna pia chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi ili barafu iyeyuke. Gari la Japani likifika hapa huwa safi tumboni, isipokuwa likiwa limetoka kaskazini kwenye theluji, lakini kama halikupakwa kinga ya kutu mara tu baada ya kushushwa, chumvi hulimaliza haraka, na usafi uliolipiwa kwa bei kubwa unaisha baada ya miaka michache.

Sheria za nchi hizi mbili kuhusu umri zinapingana kabisa, jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Uingereza, gari la abiria lililozidi miaka 10 halilazimiki kupita ule ukaguzi mkubwa wa kuidhinishwa kwa magari yanayoingizwa moja moja, kwa hiyo gari kuukuu ndilo lenye njia nyepesi. Kenya, gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza haliingii. Ndiyo maana mashabiki wa Impreza za miaka ya 1990 wanaweza kuziagiza wakiwa hapa, lakini Nairobi hubakiwa na zile zilizofika zamani, ambazo zimebadilishwa injini na rangi kiasi kwamba hata kiwandani zisingetambulika. Watanzania wao hawakuweka ukuta, waliongeza ushuru tu kwa umri wa gari.

Tuvuke bahari sasa. Mtu akiniambia kwamba Nakuru anunue "iliyouzwa nchini" ninamuuliza ni ipi hiyo. Mawakala rasmi wapo na magari mapya yapo, lakini bei yake inamfaa meneja wa shirika kubwa au idara yenye bajeti, na anayetaka turbo kwa fedha za mfukoni mwake hana atakachokipata huko. Magari mengi yanayosajiliwa Kenya kwa mara ya kwanza ni yaliyotumika, na sehemu kubwa yametoka Japani. Kwa hiyo mambo yamepinduka: pale nyumbani Forester, Subaru nyingine inayopendwa, ikiwa ya Japani ndiyo mwenyeji, na iliyoandaliwa mahsusi kwa soko jingine ndiyo mgeni. Nenda Grogan, mtaa wa spea za magari Nairobi, ukaulizie sensa ya oksijeni au bomba la turbo la Forester XT, ile yenye turbo. Kijana wa dukani hatakuuliza mwaka, atakuuliza herufi za mwanzo za namba ya chasisi, kisha ataingia nyuma na kutoka na kitu chenyewe, kilichong'olewa kwenye gari lililogongwa Osaka. Fundi wa gereji ya wazi ameifungua injini hiyo mara nyingi kuliko fundi wa kituo rasmi cha mji ninaoishi, ambaye Subaru kwake ni gari la wakulima na madaktari wa mifugo.

Usumbufu wa gari la Japani upo, ila ni wa kuzoeleka. Ukiwasha, sauti ya mwanamke inakukumbusha kwa Kijapani kwamba hukuingiza kadi ya kulipia barabara, na atakukumbusha asubuhi zote za maisha yako mpaka umwite fundi wa nyaya amnyamazishe. Redio nyingi huishia megahezi 90, hivyo stesheni nyingi za Nairobi hazishikiki mpaka kifungwe kifaa cha kubadili masafa. Ramani kwenye skrini inaonyesha gari lako likielea baharini. Kasi imewekewa kikomo cha kilomita 180 kwa saa, na kuna watu hulipa ili kikomo hicho kiondolewe, katika nchi ambayo sheria inaruhusu 110 kwenye barabara kuu na matuta yanatokea bila kibao.

Kuna hoja moja ya kiufundi ambayo kwa haki inaipendelea Subaru ya Ulaya, na ninaitaja kwa sababu wauzaji wa yadi hawaitaji. Forester XT ya kizazi kilichoanza mwishoni mwa 2012, yenye turbo ya lita 2.0, iliuzwa Japani ikiwa na nguvu za farasi 280, na Ulaya ikiwa na 240. Ya Japani imepimwa kwa petroli ya daraja la juu ya kwao, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na oktani (kipimo cha ubora wa petroli) karibu 100, wakati petroli ya kawaida ya vituo vya Kenya iko chini zaidi. Injini haifi kwa siku moja. Kompyuta husikia mgongano ndani ya silinda, inachelewesha cheche, na sehemu ya zile nguvu 280 ulizozilipia hupotea kimyakimya. Anayekanyaga mafuta mlima wa Mai Mahiu akiwa na gari lililojaa watu, na tangi lina petroli ya kawaida, anaitaabisha injini hiyo. Ushauri wangu kwa mdogo wangu ulikuwa ahesabu petroli ya daraja la juu kama sehemu ya bei ya gari, sawa na bima, na akiona hesabu haikubali achukue Forester isiyo na turbo. Alikasirika kidogo, kwa kuwa rafiki zake wote wana turbo, na najua ekzosi inayonguruma ina heshima yake Nakuru usiku wa Ijumaa.

Mahali ambapo mnunuzi wa nyumbani hana budi kuwa mkali ni shiti la mnada. Japani kila gari likipelekwa mnadani hukaguliwa na kupewa alama, na mchoro wa mwili wake hujazwa herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni palipowahi kurekebishwa, S ni kutu. Alama ya R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Hii ndiyo MOT ya mtu wa Nairobi, na haigharimu chochote kuiomba kabla ya kutuma fedha. Muuzaji anayesema shiti limepotea, au anayetuma picha iliyokatwa pembeni pale alama inapokuwa, ameshajibu swali lako.

Ushuru sitaueleza kwa kirefu, maana kila bajeti huubadilisha. Itoshe kusema kwamba KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haitazami sana ulichomlipa Mjapani. Inaanza na bei ya rejareja ya gari la aina hiyo likiwa jipya, inaipunguza kulingana na umri, kisha inatoza juu ya hapo. Ndiyo sababu Wakenya wengi hununua magari ya miaka 7, yakiwa yamebakiza muda mfupi tu kufungiwa mlango wa Mombasa.

Linabaki swali la wenzangu wanaotaka kusafirisha gari la Uingereza hadi nyumbani. Usukani uko upande unaofaa, na mkazi anayerejea anaweza kusamehewa ushuru wa gari moja ikiwa ametimiza masharti, mojawapo likiwa kwamba amelimiliki na kulitumia kwa angalau miezi 12 kabla ya kurudi. Kishawishi kikubwa ni Forester ya dizeli, kwa sababu hapa zimejaa na bei yake imeshuka. Ninawasihi waiache. Subaru haikuwahi kuiuza dizeli hiyo Japani, kwa hiyo Grogan hakuna spea zake, hakuna iliyogongwa Osaka ya kung'olewa vipande, na fundi atakuwa anajifunzia kwako. Ongeza kutu ya chumvi ambayo mkaguzi wa kabla ya kusafirisha anaweza kuikataa, na msamaha wa ushuru unaliwa na gereji.

Langu mimi limeshapita miaka 8, kwa hiyo sheria imeniamulia. Siku ya kurudi nitaliuza hapahapa kwa Mwingereza atakayesoma rekodi zake zote kwenye simu kabla sijafungua mdomo, kisha nitaagiza Forester ya Japani yenye alama 4 na kitabu cha huduma kilichojaa mihuri, hata kama sitaweza kusoma hata neno moja lililoandikwa ndani yake.